Kumrudishia Mgonjwa Usiku Wake: Ugonjwa wa Malale na Historia ya Kuelewa Kazi za Usingizi kwa Mwili, Akili na Roho

Ikisiri

Insha hii inachunguza swali la zamani: usingizi una kazi gani kwa binadamu? Badala ya kuanzia maabara, insha inalifuata swali hilo kupitia historia ya ugonjwa ulioushambulia usingizi wenyewe, yaani malale, hasa mlipuko uliozikumba pwani na visiwa vya kaskazini vya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20. Hoja kuu ni kwamba jina la ugonjwa huu liliwafanya wengi wadhani kuwa mgonjwa amezidiwa na usingizi, ilhali alichonyang'anywa ni mpangilio wa usiku na mchana unaouwezesha usingizi kutimiza kazi zake. Aidha, insha inaonyesha kwamba tiba na sera za kikoloni zilipambana na kimelea pamoja na mbung'o, lakini mara nyingi ziliwaondoa watu mahali ambapo usiku wao ulikuwa na maana.

1. Utangulizi

Katika lugha nyingi za Afrika Mashariki, mazungumzo ya asubuhi hayaanzi kwa habari za mchana unaokuja, bali kwa habari za usiku uliopita. Mswahili humwuliza mwenzake, "Umeamkaje?" Mganda husema, "Wasuze otya?", yaani usiku umeupitishaje. Swali hilo si la mwili pekee. Anayeulizwa hujibu kwa niaba ya afya yake, utulivu wa moyo wake na amani ya nyumba yake. Kabla wanasayansi hawajaanza kupima usingizi kwa vyombo, jamii hizi zilikwisha kuufanya usiku kuwa kipimo cha kwanza cha hali ya mtu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, swali hilo la kila asubuhi lilikosa jibu katika maelfu ya nyumba za Busoga na Buganda. Watu walisinzia mchana wakiwa na jembe mkononi, kisha wakakesha usiku kwa mahangaiko. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota, kwa maana ya kusinzia. Kwa Kiswahili ukaitwa malale, kutokana na kitenzi kulala. Wazungu nao waliuita ugonjwa wa usingizi. Majina yote matatu yalishika dalili moja iliyoonekana hadharani mchana, na kuiacha nyingine iliyofichwa na giza.

Historia ya malale imeandikwa kwa wingi. John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nafasi ya magonjwa hayo katika ikolojia ya Afrika, alionyesha jinsi jamii za Kiafrika zilivyokuwa na namna zao za kuishi karibu na mbung'o bila kuangamia. Helge Kjekshus, mwaka 1977, aliliendeleza wazo hilo kwa upande wa Tanganyika. Waandishi wengine wamechunguza kambi, sheria na siasa za uhamisho. Katika kazi hizo usingizi wenyewe umeachiwa madaktari, kana kwamba hauna historia. Insha hii inajaribu kuziba pengo hilo kwa kuuliza: ugonjwa ulipouvunja usingizi, ulivunja nini hasa? Na waliotaka kutibu walikuwa na wazo gani juu ya kile walichopaswa kukirudisha?

Maneno matatu yanahitaji kufafanuliwa mapema. Kwa mwili, insha inakusudia nguvu, ukuaji na uponaji wa viungo. Kwa akili, inakusudia kumbukumbu, utambuzi na tabia ya mtu. Kwa roho, inakusudia uhusiano wa mtu na Mungu, na wafu wake, na mahali alipozaliwa, kwa jinsi watu wa wakati huo walivyouelewa wenyewe.

2. Usingizi katika fikra zilizotangulia mlipuko

Tiba ya kale iliyorithiwa na ulimwengu wa Kiislamu haikuuona usingizi kuwa kipindi kitupu. Kufuatia mapokeo ya Galen, kulala na kukesha vilihesabiwa pamoja na hewa, chakula na vinywaji, harakati na mapumziko, kujisafisha kwa mwili, na hisia za moyo kuwa mambo ambayo afya hutegemea kiasi chake. Ibn Sina, katika Kanuni ya Tiba iliyokamilika takriban mwaka 1025, alieleza kwamba usingizi wa wastani husaidia mmeng'enyo wa chakula na kuhifadhi nguvu, na kwamba kuuzidisha kuna madhara yake kama kuupunguza. Wazo la msingi lilikuwa mizani. Usingizi haukuwa mwema kwa wingi wake; ulikuwa mwema kwa kuwa na wakati na kipimo chake.

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki mafundisho ya dini yaliongeza maana nyingine. Kurani, katika Surat An-Naba, inautaja usingizi kama mapumziko, na katika Surat Az-Zumar, aya ya 42, inafundisha kwamba Mungu huzichukua nafsi wakati wa kufa na pia wakati wa kulala, kisha huzirudisha za wale ambao ajali yao haijafika. Kwa hiyo kulala ni kukabidhi amana, na kuamka ni kurudishiwa. Ndiyo maana muumini anafundishwa dua ya kulala na dua ya kuamka, na ndiyo maana usingizi huitwa ndugu wa mauti. Mpangilio wa swala tano nao uliufunga usingizi baina ya isha na alfajiri, huku wacha Mungu wakiamka katikati ya usiku kwa tahajudi. Kukesha kwa ibada kulikuwa na thamani kwa sababu kulikuwa kwa hiari na kwa saa maalumu.

Kwa Waganda na majirani zao wa ziwani, ndoto ilikuwa mojawapo ya njia ambazo marehemu wa ukoo waliaminika kuwafikia walio hai. Katika Visiwa vya Sese palikuwa na mahekalu ya balubaale, na hekalu kuu la Mukasa, mwenye mamlaka juu ya ziwa, lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe. Makaburi ya ukoo yalikuwa karibu na makazi. Mtu alilala penye watu wake, walio hai na waliokufa.

Mapokeo haya hayakufanana, na yalipingana katika mengi. Hata hivyo, yalikubaliana kwamba usingizi ni kazi na si utupu, na kwamba kazi hiyo hufanyika mahali pake na kwa wakati wake. Mambo haya mawili, wakati na mahali, ndiyo yatakayoonekana kuvunjwa katika historia inayofuata.

3. Malale kabla ya mwaka 1900

Ugonjwa huu haukuzaliwa pamoja na ukoloni. Ibn Khaldun aliandika habari za sultani wa Mali, Mari Jata, aliyepatwa na maradhi ya usingizi kwa takriban miaka miwili hadi alipofariki karibu mwaka 1374. Taarifa hiyo ni fupi, lakini ina uzito: mtawala anayelala hawezi kutawala, na ugonjwa wake ukawa jambo la dola.

Karne nne baadaye habari zilitoka katika mazingira ya aibu zaidi. Daktari wa jeshi la majini la Uingereza, John Atkins, alichapisha mwaka 1734 maelezo ya maradhi ya kusinzia aliyoyaona katika pwani ya Guinea. Mwaka 1803 Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, alieleza uvimbe wa tezi nyuma ya shingo za waathirika, na kueleza kwamba wafanyabiashara wa watumwa waliujua kama dalili ya hatari, wakawakataa mateka waliokuwa nao. Dalili hiyo hadi leo huitwa kwa jina lake. Kwa hiyo miongoni mwa wageni wa kwanza kuupima ugonjwa huu kwa makini walikuwa watu waliotaka kujua kama mwili wa mnunuliwa ungeweza kufanya kazi. Usingizi ulionekana kwao kama hasara ya nguvukazi. Mtazamo huo, kama tutakavyoona, haukufa pamoja na biashara ya utumwa.

4. Mlipuko wa Busoga na Buganda

Miaka ya 1890 ilikuwa miaka ya misiba katika Afrika Mashariki. Sotoka iliua ng'ombe kwa wingi, ikafuatiwa na njaa, ndui na vita. Ford na Kjekshus wameeleza kwamba mifugo na wakulima walipopungua, vichaka vilirudi katika ardhi iliyokuwa wazi, na mbung'o wakafuata vichaka. Ndani ya mazingira hayo, mwaka 1901, Albert Cook na ndugu yake Jack, madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale waliofika kwao. Ndani ya miaka michache ugonjwa ulikwisha kuenea Busoga, pwani ya Buganda na visiwani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa katika Uganda katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo.

Mwendo wa ugonjwa unaeleweka vizuri leo. Mbung'o akimwuma mtu huingiza kimelea kiitwacho tripanosoma. Kwanza huja homa za vipindi, maumivu ya kichwa na viungo, na uvimbe wa tezi. Baadaye kimelea huvuka na kuingia katika mfumo wa fahamu. Hapo usingizi huanza kuharibika. Mgonjwa husinzia mchana katikati ya mazungumzo au chakula. Usiku hupata usingizi wa vipande vipande au hukesha kabisa. Mwili hukonda, kwa kuwa asiyekaa macho hawezi kula vya kutosha. Akili hubadilika: mpole huwa mkali, mwenye busara husema maneno yasiyo na mpangilio, na wengine huona njozi wakiwa macho. Mwisho ni kuzimia na kufa.

Kwa familia, badiliko la tabia lilikuwa pigo la mapema kuliko kifo. Aliyekuwa mzazi au mwenzi alikuwapo kwa mwili, lakini hakuwapo kwa mwenendo. Mgonjwa hakuweza tena kutunza usiku wa ibada wala mchana wa kazi, kwa sababu kwake vyote viwili vilikuwa vimechanganyika. Tukirejea mgawanyo wetu, ugonjwa ulionyesha kwa ukatili kwamba kazi tatu za usingizi hazitenganishwi kwa urahisi: usiku ulipovunjika, mwili, akili na ushirika wa mtu na watu wake vilivunjika pamoja.

5. Entebbe, Sese na mipaka ya tiba

Mwaka 1902 Jumuiya ya Kifalme ya London ilituma tume Entebbe. Mmoja wa wajumbe, Mwitaliano Aldo Castellani, kwanza alidhani ugonjwa unasababishwa na bakteria. Kisha akaona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa. David Bruce, aliyefika mwaka 1903, alikuwa ameshafanya kazi Zululand katika miaka ya 1890, ambako alithibitisha uhusiano wa mbung'o na nagana ya ng'ombe. Akaunganisha mambo hayo mawili: kimelea cha Castellani na mbung'o wa kando ya ziwa. Kimelea cha namna hiyo kilikuwa kimekwisha kuonekana katika damu ya binadamu huko Gambia mwaka 1901 na Robert Forde, na Joseph Dutton akakipa jina mwaka uliofuata. Katika muda mfupi, basi, chanzo cha ugonjwa kikajulikana.

Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, na insha hii haikusudii kuupunguza. Lakini ulikuwa na matokeo katika namna ya kufikiri. Tangu kimelea kipatikane, kupona kulipimwa kwa hadubini: damu safi ilimaanisha mgonjwa amepona. Usingizi, uliokuwa umeupa ugonjwa jina lake, ukawa dalili ya pembeni. Haukupimwa, wala haukuwa na chombo cha kuupima.

Mipaka ya mtazamo huo ilijitokeza Sese. Robert Koch, akiongoza msafara wa Kijerumani wa mwaka 1906 na 1907, aliweka kambi visiwani humo na kuwatibu wagonjwa kwa Atoxyl, dawa yenye aseniki. Mwanzoni matokeo yalitia matumaini, kwani vimelea vilitoweka katika damu na wagonjwa wakachangamka. Baadaye vimelea vilirudi. Koch aliongeza kipimo cha dawa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Kupofuka huko kuna maana ya pekee kwa mada yetu. Nuru inayoingia machoni ndiyo inayomwambia mwili kwamba kumekucha. Aliyepoteza nuru kwa dawa alipoteza pia kiongozi wa usiku na mchana wake, hata kama damu yake ingetakasika.

Upande wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kambi za kuwatenga wagonjwa zilianzishwa, mojawapo ikiwa Kigarama, kaskazini ya Bukoba. Wagonjwa hawakuwa vyombo tu vya majaribio. Walikwenda kambini walipoona faida, wakatoroka walipoona madhara, na wengi walitaka kufa nyumbani. Maofisa waliona huko kutoroka kuwa ujinga. Kwa mtazamo wa insha hii, kulikuwa pia na hukumu ndani yake: kambi ilitoa sindano, lakini haikuweza kutoa usiku wa kulala miongoni mwa watu wao.

6. Uhamisho na swali la mahali

Kwa kuwa dawa ilishindwa, mamlaka ya Uganda chini ya Hesketh Bell iliamua kuwatenganisha watu na mbung'o. Kuanzia mwaka 1907 wakazi wa ukanda wa pwani wa takriban kilomita tatu walihamishwa kwenda bara, na mwaka 1909 zamu ikawa ya visiwa, Sese ikiwemo. Vifo vilipungua. Hilo ni kweli, na mwanahistoria hana budi kulikiri: waliohamishwa wengi waliishi, na pengine wasingeishi kama wangebaki.

Lakini gharama haikuwa ya nyumba na mashamba ya migomba pekee. Watu wa Sese waliacha makaburi ya koo zao na mahekalu ya Mukasa. Kwa watu walioamini kwamba wafu huzungumza na walio hai usingizini, kulala ugenini hakukuwa kulala kulekule mahali pengine. Ilikuwa ni kulala mbali na wale ambao usiku ulikuwa wakati wao wa kuja. Visiwa vilikaa vitupu kwa muda wa takriban miaka kumi. Watu walianza kuruhusiwa kurudi karibu mwaka 1920, na msitu ulikuwa umekwisha kutwaa sehemu kubwa ya ardhi.

Mfano huo ulifuatwa Tanganyika baada ya malale ya aina kali, inayosababishwa na tripanosoma ya rhodesiense, kugunduliwa Maswa mwaka 1922. Chini ya usimamizi wa daktari George Maclean, maelfu ya watu wa magharibi ya nchi waliamriwa kuhamia makazi ya pamoja yaliyofyekwa vichaka. Hapa pia vifo vilizuilika katika maeneo mengi. Hapa pia, kama Ford alivyoeleza, ardhi iliyoachwa ilirudi kuwa pori, na mbung'o na wanyama wa mwitu wakaimiliki. Baadhi ya maeneo hayo hayakurudishiwa watu tena.

Katika sera zote mbili swali lililoulizwa lilikuwa moja: watu walale wapi ili wasiumwe? Swali la pili, watu wanahitaji nini ili walale vema, halikuulizwa. Ukoloni haukuwa na nafasi ya kuliuliza, kwa kuwa kama wafanyabiashara wa zama za Winterbottom, ulihesabu kwanza mikono inayoweza kufanya kazi mchana. Usiku wa mtu haukuandikwa katika ripoti.

7. Usingizi unapata vyombo vyake

Maarifa yaliyokosekana Entebbe yalianza kupatikana kupitia msiba mwingine. Mwaka 1917, huko Vienna, Constantin von Economo alieleza ugonjwa wa ubongo ulioenea Ulaya na kwingineko wakati wa vita na baada yake. Wagonjwa wake wengi walilala kupita kiasi, baadhi walikosa usingizi kabisa, na wengine walibadilisha usiku kuwa mchana. Alipochunguza bongo za waliokufa aligundua kwamba mahali pa jeraha palitofautiana. Jeraha la nyuma ya haipothalamasi liliambatana na kulala mno, na la mbele liliambatana na kukesha. Kwa hiyo usingizi haukuwa kuzimika kwa ubongo kama taa iliyoishiwa mafuta. Ulikuwa tendo la ubongo, lenye sehemu zake za kulianzisha na kulikomesha.

Mwaka 1929 Hans Berger alichapisha njia ya kunasa mawimbi ya umeme ya ubongo juu ya ngozi ya kichwa. Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake Bruce Richardson walikaa siku 32 ndani ya pango la Mammoth, Kentucky, wakijaribu kuishi kwa siku ya saa 28. Richardson aliweza kuizoea, lakini joto la mwili wa Kleitman liliendelea kufuata saa 24. Mwaka 1953 Kleitman na Eugene Aserinsky, katika Chuo Kikuu cha Chicago, walieleza kipindi cha usingizi ambamo macho huenda huku na huku kwa kasi na ambamo waliolala, wakiamshwa, husimulia ndoto. Ikajulikana kwamba usiku wa mtu mzima una mizunguko, kila mmoja wa takriban dakika 90, ukianza kwa usingizi usio wa ndoto na kuishia kwa usingizi wa ndoto. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walipata katika ubongo wa panya kiini kidogo kinachoongoza saa ya mwili, nacho hupokea habari za nuru kutoka machoni.

Kwa elimu hii kazi za usingizi zikaweza kutajwa kwa uwazi zaidi. Kwa mwili, usingizi wa kina ndio wakati ambapo homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi. Kwa akili, John Jenkins na Karl Dallenbach walikwisha kuonyesha mwaka 1924 kwamba mtu akilala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko akikesha, na tafiti nyingi zilizofuata zimelithibitisha wazo la kwamba usingizi huimarisha kumbukumbu. Kwa roho, maabara haina kipimo, wala haikuahidi kuwa nacho. Lakini imethibitisha kwamba ndoto si ajali ya tumbo lililoshiba, bali ina nafasi yake ya kudumu katika mpango wa kila usiku.

Ndipo vyombo hivyo viliporudi kwenye malale. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Alain Buguet na wenzake walinasa mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa malale katika Kongo-Brazzaville na Cote d'Ivoire kwa saa 24 mfululizo. Matokeo yaliipinga maana ya jina lenyewe. Kwa jumla, wagonjwa hawakulala saa nyingi kuliko watu wenye afya. Usingizi wao ulikuwa umetawanyika, vipande vyake vikiangukia mchana na usiku pasipo tofauti, hasa kwa waliozidiwa. Aidha, usingizi wa ndoto, ambao hustahili kuja mwisho wa mzunguko, kwao ulitokea mapema, pengine mara tu walipofumba macho. Baada ya matibabu yaliyofaulu, mpangilio ulianza kurudi. Mwaka 2018 utafiti uliofanywa kwa panya ulionyesha pia kwamba kimelea hiki huweza kuvuruga mwendo wa saa ya mwili.

Matokeo haya yana uzito wa kihistoria. Kwa miaka mingi ugonjwa ulikuwa umepewa jina la kile ambacho mgonjwa hakuwa nacho cha kutosha kwa wakati wake. Aliyeitwa mlalaji alikuwa, kwa kweli, mtu asiye na usiku.

8. Hitimisho

Tiba ya malale imesonga mbele sana. Melarsoprol, iliyoanza kutumika mwaka 1949, iliokoa wengi lakini ilikuwa na aseniki, na iliua takriban mmoja katika kila 20 waliotibiwa. Dawa salama zaidi zilifuata, na mwaka 2018 fexinidazole, inayomezwa kwa mdomo, iliidhinishwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi iliyobeba mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu. Wagonjwa wanaoripotiwa duniani kwa mwaka wamepungua hadi chini ya 1,000. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeondoa malale ya aina ya gambiense kama tatizo la afya ya jamii. Nchi iliyozika watu wake kwa maelfu katika miaka ya 1900 imefika mahali ambapo kijana wa Busoga anaweza kukua bila kumwona mgonjwa hata mmoja.

Historia hii inaacha mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba kazi ya usingizi haipimwi kwa wingi wa saa peke yake. Mgonjwa wa malale alipata saa zake, lakini hakupata mwili unaopona, akili inayokumbuka, wala usiku wa kujikabidhi kwa Mola wake au kukutana na wafu wake. Ibn Sina aliposisitiza kipimo na wakati, na dini ilipoufunga usingizi baina ya isha na alfajiri, walikuwa wameshika upande wa ukweli ambao sayansi ya Entebbe haikuwa na vyombo vya kuuona. Hii haimaanishi kwamba walijua mambo ya haipothalamasi. Inamaanisha kwamba waliuliza swali ambalo hadubini haikuliuliza.

La pili ni kwamba usingizi una mahali. Uhamisho wa Sese uliokoa maisha, na huenda hapakuwa na njia nyingine kwa maarifa ya wakati ule. Hata hivyo, serikali yoyote inayowahamisha watu kwa ajili ya afya yao inapaswa kujua inachokiondoa pamoja na hatari. Makazi hayakamiliki kwa kuwa na paa, maji na umbali salama kutoka kwa mbung'o. Ni lazima mtu aweze kufumba macho humo akiwa na amani.

La tatu linahusu wahudumu wa afya. Kwa muda mrefu, kujua kama mgonjwa wa malale amepona kulihitaji kumchoma sindano ya uti wa mgongo mara kwa mara, jambo lililowafanya wengi wasirudi kliniki. Buguet na wenzake walipendekeza kwamba kurudi kwa mpangilio wa usingizi kutumiwe kuwa mojawapo ya alama za kupona. Pendekezo hilo ni la kisayansi, lakini mzizi wake si mgeni kwetu. Linalingana na swali ambalo mama wa Kiganda alimwuliza mwanawe mlangoni kila asubuhi kabla ya kumwuliza neno lingine lolote. Mgonjwa anayeweza kulijibu swali hilo kwa kweli, akasema kwamba usiku umepita vema na kumekucha, ameanza kurudishiwa nafsi yake.